Kasi Haiuzwi Ndani ya Pakiti ya Slaida

Nenda gereji yoyote ya skuta, iwe Mjini Unguja au Kinondoni, ulalamike kwamba chombo chako kimekuwa kizito. Fundi hajashika hata bisibisi, kijana aliyekaa juu ya ndoo ameshakukata kauli: "Toa rola, tia slaida. Itaruka hiyo!" Imani hii imekaa vichwani kiasi kwamba ukiihoji unaonekana unatafuta ugomvi. Haya, tugombane.

Variata ni puli iliyofungwa kwenye ncha ya krenki. Nusu yake moja imetulia, nusu ya pili inasogea. Mgongoni mwa hii inayosogea ndimo zinamokaa rola, mara nyingi sita, kila moja kwenye kijia chake. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinatupwa nje, zinapanda mteremko na kuisukuma nusu ya puli, na mkanda unabanwa mpaka unapanda kuelekea ukingoni. Gurudumu la nyuma linapata mwendo mrefu zaidi bila mtu kugusa gia. (Vespa za zamani zenye gia za mkononi hazina kitu hiki, kwa hiyo wenyewe mnaweza kuendelea na kahawa yenu.) Humo ndani hakuna petroli inayochomwa. Nguvu imeshazaliwa kwenye pistoni, na variata inaigawa tu. Slaida inafanya kazi ileile ya rola, ila haibiringiki: ina upande bapa, na kwa upande huo inateleza.

Sasa mbona watu wazima wenye akili zao wanaapa kwamba skuta zao zilibadilika siku ileile? Hawasemi uongo. Ila waulize kilichotolewa humo ndani kilikuwa na hali gani. Rola iliyokaa muda mrefu bila kuguswa haibaki duara. Itoe, uiviringishe juu ya meza: inakwenda kidogo, inatua kwenye bapa, inagoma. Nyingine nailoni yake imekwisha hadi chuma kinachungulia. Rola kama hiyo inakwama katikati ya mteremko, mkanda haupandi, injini inalia na chombo hakiendi. Ukiitoa ukatia kitu chochote kipya chenye uzito sahihi, hata rola za kawaida za bei ya chini, lazima utaona tofauti. Mtu aliyevua kandambili zilizokatika akavaa raba mpya atatembea vizuri, lakini asitwambie siri iko kwenye rangi ya raba.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapozungushwa. Wauzaji wengi hushauri uchukue slaida nyepesi kidogo kuliko rola zako. Ushauri si mbaya, lakini angalia unachofanya: umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, umbo na uzito, kisha sifa zote umelipa umbo. Chukua mfano wa rola za gramu 12 zinazoifanya injini itulie kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika mkanda unapopanda. Tia za gramu 10. Msukumo unakwenda kwa uzito na kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasini injini itabidi ifike karibu 7,100 ndipo ipate msukumo uleule. Chombo kitachomoka kwenye taa kwa hasira, kitapanda mlima vizuri zaidi, na kitakunywa mafuta zaidi. Hayo yote ungeyapata kwa rola za gramu 10, ukabakiwa na chenji. Mtu makini anaanzia hapo, kwenye mizani. Sonara anayo nzuri. Mpelekee seti yako nzima, kwani hata rola za pakiti moja zikishalika haziwi na uzito sawa.

"Lakini kasi ya mwisho?" Hapo adui ni upepo. Nguvu inayohitajika kuupasua inakua kwa mchemraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 90, upepo peke yake unadai nguvu zaidi kwa takriban asilimia 40. Injini ndogo hainazo, na hakuna kipande cha nailoni kitakachoizalia.

Nikubali jambo moja, kwa sababu ni la kweli. Slaida nzuri, kama zile zilizoipatia jina Dr. Pulley ya Taiwan, umbo lake linaisukuma nusu ya puli mbele kidogo zaidi ya rola, na mkanda unaweza kupanda zaidi. Kama injini yako bado ina nguvu ya akiba wakati puli imefika mwisho, utaongeza kilomita chache, au utakwenda mwendo uleule huku injini ikilia kidogo. Pia slaida hazipati bapa kama rola, hivyo zinadumu. Hizo ni sababu za haki za kuzinunua. Lakini pima kwanza. Chora mstari kwa maka peni kwenye uso wa puli, kutoka katikati hadi ukingoni, funga, nenda ukatembeze kwa mwendo wote, rudi ufungue. Mkanda utakuwa umefuta wino mpaka pale ulipofika. Ukiona wino umebaki sehemu kubwa ukingoni, pima upana wa mkanda kabla ya kununua chochote, kwani mkanda uliolika hukaa chini hata variata ikiwa mpya.

Nikirudi kwa fundi, slaida haisamehi. Rola hata ukiitupia tu itabiringika. Slaida ikiingia kinyume inakwama au inasaga kijia, maana ina mwelekeo wake, na upande uliofunikwa nailoni ndio unaotakiwa kuegemea ukuta unaousukuma, chuma kisikwangue alumini. Ukishazipanga, ishike variata pamoja na bamba la nyuma kwa mkono mmoja mpaka iingie kwenye krenki. Ukiachia kidogo, slaida moja inageuka humo ndani, na wewe huioni. Na grisi kwenye vijia, kama kitabu cha skuta hakikusema, usitie: inavuta vumbi la mkanda na kuwa uji mweusi.

Kubwa kuliko yote ni nati. Mafundi wengi wanarudisha mkanda ukiwa umekaa juu kwenye puli ya mbele, kisha wanakaza. Nati inaonekana imebana kumbe imeubana mkanda. Ukianza safari mkanda unashuka, nati inalegea, na meno ya krenki yanaliwa. Dawa yake ni kuipanua kwa mikono puli ya nyuma, mkanda uzame humo ulegee mbele, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Yule kijana wa kwenye ndoo hilo hakulitaja, na krenki ikiliwa meno hatachangia hata senti.