USIACHE MBACHAO KWA SAFARI ZA MSALANI

Wiki hii tunaongea mambo ya tumbo, kwa hiyo kama uko mezani, maliza kwanza.

Zamani kupandikizwa figo ilikuwa mpaka India. Novemba 2017 Muhimbili wakafanya hapahapa nyumbani kwa mara ya kwanza, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Watu wakisikia fulani kapata figo wanadhani kazi imekwisha. Thubutu! Ngoma ndiyo kwanza inaanza.

Askari wa mwili wakiiona figo ngeni wanaivamia kama wamekamata mwizi. Ndiyo maana mwenye nayo anameza vidonge vya kuwatuliza kila siku. Kimojawapo, mikofenoleti, kinazuia chembe zinazozaliana haraka. Askari ni hao, lakini utando wa ndani wa utumbo nao ni wa kuzaliana haraka. Matokeo yake ni kichefuchefu, gesi na kuhara.

Yalimkuta mshikaji wangu mmoja wa Kilindoni, Mafia. Shangazi yake akaleta madafu, si unajua tena kisiwa cha minazi! Jirani akaleta balungi. Mwenyewe akaanza kufikiria kuacha vidonge.

Hapo ndipo penye balaa. Madafu yana potasiamu nyingi, na kidonge kingine, takrolimasi, huweza kuifanya ijazane mwilini. Balungi huipandisha takrolimasi kwenye damu, na kuhara kwenyewe kunaweza kuipandisha. Ikizidi inaumiza figo ileile. Kuacha vidonge ndiyo usiseme: askari wanaamka, figo inakataliwa.

Bahati nzuri alipiga simu kliniki kwanza. Wakamwita wampime, maana askari wakisinzia hata vijidudu vya tumbo hupita. Hebu fikiria, boti toka Kilindoni hadi Nyamisati, halafu gari mpaka Dar, na tumbo ndilo hilo! Vijidudu havikuonekana. Daktari akaigawa dozi kidogokidogo kwa siku, tumbo likatulia.

Sasa wewe mwenye ndugu wa namna hii, usimcheke na usimtibu kwa huruma. Mpe maji safi, mkumbushe vidonge, mhimize apige simu kliniki mapema. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nasema usiache figo kwa safari za msalani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!