Khanga Imetushinda, Tukubali

Vijana wenzangu wenye kalamu, leo nawachokoza makusudi. Mwezi uliopita, tulipokaa kusomeana kazi zetu hapa Sumbawanga, mwenzetu mmoja aliiponda hadithi ya binti mmoja kwa neno moja tu: ati ni "maandishi ya khanga". Tukacheka wote. Nami nilicheka, na ndiyo maana naandika. Tulicheka kitu kilichotushinda.

Chukueni khanga yoyote muitandaze kitandani. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, kwenye kisanduku chake. Nafasi ya maneno ni mstari mmoja, basi. Mchoraji anatakiwa akuvutie ungali mbali kwa rangi na korosho zake, akusimamishe ukikaribia, halafu akuchome. Hebu someni hii: "Japo sipati tamaa sikati." Maneno manne, vina vimekaa, na hujui kama ni mapenzi, biashara au kura. Nani kati yetu ameandika mstari kama huo?

Kazi hii ina wenyewe. Mombasa, mtaa wa Biashara, lipo duka la ukoo lililoanzishwa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla. Ndiyo ile alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" tunayoiona kwenye khanga za mama zetu bila kuuliza. Huyu ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia maneno kwenye khanga, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi zetu. Duka, siyo chuo cha sanaa! Mchoro ukizoeleka wanawake wanauchoka, basi unabuniwa mwingine, na maneno mengine.

Mtasema hiyo ni biashara, siyo fasihi. Sawa. Lakini mwenye duka akichosha watu, analala na mzigo wake. Sisi tukichosha watu, tunasema wasomaji hawajaelimika.

Nina muswada wa riwaya, madaftari matano. Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ya Ufipa imekaza, nilimsomea shangazi yangu kurasa mbili za mwanzo. Alikuwa amejifunika khanga mabegani. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa baba, hapo anasema nani, na anamwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeeleza ukungu wa bonde la Rukwa, machweo, na falsafa ya maisha. Hamna mtu aliyekuwa anasema na mtu. Shangazi aliishia darasa la nne, lakini akichagua doti sokoni anajua hii ni ya wifi, hii ya jirani mwenye mdomo, hii ya kumpoza mzee nyumbani. Kila khanga ina anayesema na anayeambiwa, na anayeambiwa akipita anajua kabisa kwamba ni yeye.

Kweli zipo khanga mbovu. Zipo zinazohubiri, na zipo zilizokosewa hata herufi. Na riwaya mbovu je, hazipo? Tusihukumu sanaa nzima kwa doti moja iliyochuja.

Wapo pia watakaoniambia hayo ni mambo ya pwani, sisi ni watu wa bara, watu wa ulezi na maharage. Ala! Tokeni nje muwaangalie akina mama sokoni, halafu mrudi mniambie khanga ni ya nani.

Kwa hiyo natoa hoja. Tukikutana tena, kila mmoja aje na sentensi moja tu, ya kutosha kwenye khanga, ambayo mama wa sokoni angetoa fedha yake mwenyewe kuinunua. Yule binti tuliyemcheka aanze. Mimi kurasa zangu mbili nimeshazichana, naanza upya. Anayebisha aandike, tujibizane humu humu.