Sarafu Kuukuu: Akiba ya Mali au ya Maneno?

Wapo wanaoshikilia kwamba ukusanyaji wa sarafu kuukuu ni kitega uchumi kisicho na hasara. Dai hili lina walakini. Ukongwe pekee hauipandishi sarafu bei. Uadimu wake na hali yake ndivyo viamuavyo. Rupia 15 za dhahabu zenye picha ya ndovu, zilizopigwa chapa Tabora mwaka 1916 Wajerumani wakiwa wamebanwa vitani, huwaniwa na matajiri. Ilhali senti ya tundu ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kwa mamilioni, aghalabu hainunui hata kikombe cha chai. Naye aisuguaye kwa ndimu ili ing'ae huiondolea hata thamani hiyo haba.

Mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, ana faida nyingine. Hela ni Heller ya Wajerumani, iliyoingia mwaka 1904. Pesa ilitoka Bara Hindi. Sumuni ni thumuni ya Waarabu, yaani sehemu ya nane, ingawa Mkenya aliipachika senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi! Kamusi hutaja asili hizo kwa herufi chache tu. Idara za Kiswahili zingeziweka sarafu hizi kabatini, kando ya kamusi, kabla wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawajaziyeyusha.