Wabajuni na hesabu ya nusu

Mwanafunzi wa Kismayo au kisiwa cha Chula anayetaka kujua haki zake huanza na Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012. Ibara ya 11 inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, pasi na kujali jinsia, ukoo wala lahaja. Akirudi ibara ya 5 atakuta lugha rasmi ni Kisomali, ya pili Kiarabu. Kiswahili, ambacho Kibajuni ni lahaja yake, hakimo.

Kisha kuna hesabu. Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, madaraka hugawanywa kwa kanuni ya nne na nusu: koo kubwa nne fungu moja moja, jamii nyingine zote nusu. Kati ya viti 275 vya Bunge, kila ukoo mkubwa hupata 61. Wabajuni, Wabenadiri, Wabantu na wengineo hugawana 31. Katiba haiitaji kanuni hiyo popote, hivyo hata kurekebisha katiba hakutoshi kuiondoa.

Machi 2024 Somalia iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo viongozi wake waliamua mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha kura ya moja kwa moja kwa kila raia. Ni haki, bila shaka. Lakini kwa jamii ndogo, ambayo wengi wake walikimbilia Kenya baada ya 1991, wingi wa kura unaweza kuwapunja kuliko hata ile nusu, isipokuwa watengewe viti.