Rumonge na Kigwena: Tuwaambie Watoto Historia Yote



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, ukiwauliza vijana wa Rumonge na Kigwena Kiswahili chao kimetoka wapi, wengi watajibu: kwa wazee. Ni kweli, lakini haitoshi.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilifika Ujiji, na kutoka hapo mitumbwi ikafuata ufukwe wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini hadi Uvira. Rumonge ilikuwa njiani. Kwa njia hiyo ulikuja Uislamu, na Kiswahili nacho. Kwa njia hiyo hiyo yalipita meno ya ndovu na watumwa. Baadhi yetu husimulia la kwanza na kunyamazia la pili. Hilo si uadilifu. Allah (S.W.) ametuamrisha katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tusimame na haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu.

Historia ya karibu ni chungu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi waliua watu huku Rumonge na Nyanza-Lac, kisha serikali ya wakati huo ikajibu kwa mauaji makubwa nchi nzima. Watu wengi sana walikimbilia Tanzania, na mashamba yao ya michikichi yakachukuliwa na wengine. Waliporudi, wengi wao baada ya mwaka 2000, walikuta familia nyingine zimezaa na kuzika hapo hapo. Ndipo zilipotoka kesi nyingi za ardhi za mwambao huu.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Aliyegawiwa shamba bila kujua hafanani na aliyepora. Lakini akishajua, kukataa hata kuzungumza ni jambo jingine. Na aliyerudi naye akumbuke kuwa jirani huyo ana watoto. Sisi tunaona sulhu, hata ya kugawana, ni bora kuliko kesi ya kurithisha wajukuu chuki.

Sulhu haiwezekani bila ukweli. Basi wanafunzi, chukueni daftari mkawaulize babu na bibi zenu kabla hawajaondoka: nani alilima wapi, mpaka ulikuwa mti gani, nani alikimbia mwaka gani. Wazee nanyi msiwafiche.

Wabillahi tawfiq.