Poka: usisome uso, hesabu karata zinazotupwa

Wadau, hapa Lokichoggio wachezaji wa poka husema siri ya mchezo ni kumsoma mwenzako usoni. Mimi ni mtu wa programu, nasema siri ni kuhesabu.

Chukua mfano. Mezani kuna shilingi 100 na wewe huna karata ya maana. Unaweka dau la shilingi 50 ili kumtisha mwenzako. Akitupa karata, unachukua 100. Akifuata, unapoteza 50. Kwa hiyo anayetupa zaidi ya mara 1 kati ya 3, kumtisha kuna faida. Asiyetupa kamwe, usimtishe! Ngoja upate karata nzuri, kisha ongeza dau, maana atalipa tu. Ukali wako ufuate hesabu hiyo, si hasira ya kupoteza.

Ila tahadhari: mara 5 au 6 hazitoshi kumhukumu mtu. Na ukizidisha vitisho, naye atakugundua.

Ndiyo maana naiheshimu Libratus, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliyowashinda wataalamu 4 wa poka mwaka 2017, katika mizunguko 120,000. Haikuona uso wa mtu. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake, na kila usiku iliziba mianya ambayo wapinzani walikuwa wameanza kuitumia.

Shilingi ya Loki haipatikani kirahisi. Kabla ya kutafuta udhaifu wa jirani, ziba wako kwanza. Ama waonaje?