FOWADI ANAVUTIA, LAKINI TUPIME KWANZA

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limetugawa sisi wapenzi wa mpira wa kikapu hapa kijijini, na ambalo nadhani linazikabili timu nyingi ndogo nchini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni, nikisha kusahihisha madaftari, nasaidia kuwafundisha vijana wa kata yetu mpira wa kikapu. Uwanja wetu ni wa udongo na vikapu vyake vilichomelewa na fundi wa hapa hapa. Mwezi huu timu moja ya mjini imetuletea ombi. Inamtaka kijana wetu mrefu, mwenye umri wa miaka 17, ambaye nilianza kumfundisha kusoma akiwa darasa la tatu. Pamoja naye inataka kijana mwingine wa akiba, awe nyongeza tu. Badala yao itatupa fowadi mzoefu, mtu wa miaka 29, hodari wa kulinda na mwenye shabaha ya mbali. Mashindano ya wilaya yamekaribia, na fowadi wetu tuliyemtegemea ameteguka goti.

Kamati ya timu imegawanyika. Wanaotaka tukubali wana hoja wanayoirudia kila kikao, kwamba hata Memphis walimtoa Hasheem Thabeet wakachukua fowadi, na wakafanikiwa. Wanaopinga wanajibu kwamba kumtoa Thabeet kulikuwa ni kumdharau Mtanzania, nasi tusifanye hivyo kwa mtoto wetu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeichukua habari hiyo nusu. Naomba niieleze yote, kwa sababu nilikuwa naifuatilia nikiwa chuo cha ualimu, wakati tulipokuwa tukigombania gazeti moja watu kumi.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alichelewa kuanza kucheza mpira wa kikapu, akiwa kijana wa miaka kama 15, lakini urefu wake wa meta 2.21 ulimfikisha Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani. Mwezi Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua, akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya waliochaguliwa na timu za NBA mwaka ule. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Hapana shaka wengi wetu tulisimama vifua mbele. Lakini wa tatu mwaka ule alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Thabeet alibebeshwa mzigo wa kulinganishwa na watu ambao walishika mpira tangu utotoni.

Pale Memphis nafasi ya senta ilikuwa ya Marc Gasol, na chini ya kikapu alikuwapo Zach Randolph. Thabeet alipata dakika chache. Februari 2010 alipelekwa katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards, ili apate mazoezi ya mechi. Msimu wa pili dakika zake zikapungua zaidi. Timu ilitaka ushindi wakati ule ule, naye alihitaji muda wa kujifunza. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa nyumba moja.

Ndipo Februari 2011 fowadi wao tegemeo, Rudy Gay, akaumia bega. Siku chache baadaye, tarehe 24 Februari, ambayo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Memphis wakampeleka Thabeet Houston Rockets. Walimtoa pamoja na fowadi mwingine kijana, DeMarre Carroll, na haki ya kuchagua mchezaji mpya wa raundi ya kwanza katika mwaka wa mbele. Wao wakapata fowadi Shane Battier, aliyekuwa na umri wa miaka 32, na mlinzi Ish Smith.

Battier hakuwa mgeni Memphis. Alianzia hapo mwaka 2001, na mwaka 2006 ndiye aliyepelekwa Houston ili Memphis wampate huyo huyo Rudy Gay. Hakuwa mfungaji mkubwa. Sifa yake ilikuwa kumsumbua mfungaji bora wa wapinzani na kujipanga mahali panapofaa, kazi ambayo haionekani katika hesabu ya pointi. Mwandishi wa Kimarekani Michael Lewis alieleza jambo hilo kwa kirefu katika makala yake juu ya Battier mwaka 2009.

Matokeo yalikuja haraka. Kabla ya hapo Memphis walikuwa wamefika hatua ya mtoano mara tatu, 2004, 2005 na 2006, wakafungwa michezo yote 12. Tarehe 17 Aprili 2011 walikutana na San Antonio Spurs, timu iliyoongoza upande wa Magharibi. Zikiwa zimebaki sekunde kama 24, Memphis wakiwa nyuma kwa pointi mbili, Battier alitupa kutoka mbali akafunga pointi tatu. Wakashinda 101 kwa 98. Huo ulikuwa ushindi wao wa kwanza kabisa katika hatua hiyo. Waliwatoa Spurs kwa michezo 4 kwa 2, na Rudy Gay hakurudi uwanjani msimu wote ule. Baadaye wakatolewa na Oklahoma City Thunder katika mchezo wa saba.

Wenzangu wanaotaka tukubali husimulia hadi hapo, kisha hunyamaza. Mimi naendelea.

Kwanza, Battier alikaa miezi michache tu. Mkataba wake ulikuwa unamalizika, na Desemba 2011 akahamia Miami Heat, ambako alitwaa ubingwa mwaka 2012 na 2013. Kwa hiyo Memphis walipata msimu mmoja, tena kipande cha mwisho cha msimu. Walilijua hilo na wakakubali.

Pili, tuseme ukweli bila kumvunjia heshima ndugu yetu. Thabeet hakuwa nyota huko alikokwenda. Houston alicheza michezo michache mno, akapelekwa Portland mwaka 2012, halafu akacheza misimu miwili Oklahoma City. Kwa upande wake Memphis hawakupoteza sana. Hao wanaosema ilikuwa dharau wanakosea. Timu haikumtazama kama Mtanzania bali kama mchezaji, na ilikwisha kuona kwamba haina nafasi wala subira ya kumkuza. Kama kuna lawama, basi ni ya kumchukua kijana aliyechelewa kuanza na kumtarajia awe amekamilika kwa misimu miwili.

Tatu, nalo ndilo ninaloomba lisikilizwe zaidi. Katika mabadilishano yale kila mtu alimzungumza Thabeet na Battier. Hakuna aliyemzungumza DeMarre Carroll. Yeye alikuwa nyongeza. Houston wenyewe walimwachia Aprili mwaka huo huo. Akahangaika timu hadi timu, akijifunza kulinda na kutupa pointi tatu. Mwaka 2013 akaingia Atlanta Hawks, na msimu wa 2014-15 timu hiyo ilishinda michezo 60 Carroll akiwa katika kikosi cha kwanza. Mwaka 2015 Toronto Raptors wakampa mkataba wa miaka minne wa karibu dola milioni 60. Ndugu wasomaji, Memphis walitoka kutafuta fowadi wa kulinda na kutupa kutoka mbali, na katika kumtafuta wakamtoa kijana ambaye baada ya miaka michache alikuwa ndiye fowadi wa namna hiyo hasa. Siwalaumu, kwani hata Houston hawakumwona. Lakini mwenye kupima asisahau kupima na nyongeza.

Tena siku ile ile Memphis walikaribia kumtoa mlinzi wao O. J. Mayo kwenda Indiana Pacers ili wampate fowadi mwingine, Josh McRoberts. Mpango huo haukukamilika kwa sababu muda ulikwisha. Mayo akabaki na akacheza katika hatua ile ile ya mtoano iliyowapa Memphis sifa. Huenda wangefanya vizuri bila yeye, lakini hakuna aliyejuta kwamba alibaki.

Sasa narudi kwetu. Sisemi kamwe tusibadilishane wachezaji. Fowadi tunayeletewa ni mzuri, nimemwona akicheza, na nikiangalia mashindano haya peke yake ningemchukua leo leo. Anaweza kutufikisha fainali. Vijana wetu wangejifunza mengi kwa kucheza karibu naye. Hayo ni ya kweli, na anayepinga asiyafiche.

Lakini Memphis walikuwa na mambo ambayo sisi hatuna. Walikuwa na Gasol mahali pa Thabeet, wakati sisi tukimtoa mrefu wetu hatuna wa kusimama chini ya kikapu. Walilipa watu ili washinde mwaka ule. Sisi hatulipi mtu, na timu yetu ilianzishwa ili vijana waliomaliza shule wapate shughuli ya maana jioni. Fowadi wa miaka 29 ana familia mjini na atakuja siku za mechi tu. Mashindano yakiisha atarudi kwao, nasi tutabaki na kombe, kama tutalipata, na mapengo mawili.

Na huyo kijana wetu mrefu hajapewa hata mwaka mzima wa mafundisho ya kweli. Alianza kushika mpira mwaka jana. Anakosea na anachelewa kugeuka, na watazamaji humcheka. Mimi nimekaa darasani miaka ya kutosha kujua kwamba mtoto mrefu hutazamiwa kuwa na akili za ukubwa kwa sababu ya urefu wake, akishindwa huonekana mjinga, na kumbe umri wake ni ule ule wa wenzake. Huyo wa akiba ndiye simwelewi kabisa kwa nini tunamtoa. Hakosi mazoezi. Ndiye anayefika kwanza kumwagia uwanja maji vumbi litulie. Katika kikao kilichopita jina lake halikutajwa hata mara moja. Aliitwa “yule mwingine.”

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, tuwaulize vijana wenyewe na wazazi wao kabla ya kupiga kura, kwa maana hao si mbuzi wa mnadani. Kama mrefu anataka kwenda mjini, na timu ile ina kocha wa kumfundisha kweli kweli, basi tumwache aende kwa heri, hata bila kupewa fowadi. Kumzuia kijana asiendelee ili sisi tushinde ni ubinafsi, sawa na kumwuza. La pili, kama hataki, tumwombe fowadi yule aje kutusaidia mazoezi mara mbili kwa mwezi, na sisi tumlipie nauli. La tatu, huyo wa akiba asiwe nyongeza ya mtu yeyote. Kama timu ya mjini inamtaka, imtake kwa jina lake.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Kura yangu itakuwa ya kukataa, na ninajua kwamba tukifungwa katika raundi ya kwanza nitanyoshewa kidole sokoni na hata ofisini kwa walimu. Nimekubali. Tunaweza kufungwa mwaka huu na mwakani tukaanza upya na vijana wetu, lakini kijana tuliyemtoa bila kumwuliza ni vigumu kurudi kutuamini.

Ndimi,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.